Wi-Fi ya laptopu inapokatakata: mwongozo kamili wa kulifuata tatizo hadi lilipo

Mtu akisema "mtandao unasumbua" huwa anazungumzia safari mbili kwa jina moja. Ya kwanza ni kutoka kwenye laptopu hadi kwenye ruta. Ni mita chache, hewani, na hiyo ndiyo Wi-Fi yenyewe. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti na kwingineko duniani, kwa faiba au kwa mnara wa simu. Vile vistari vya Wi-Fi kwenye kona ya skrini vinapima safari ya kwanza peke yake. Ndiyo maana vinaweza kujaa vyote na ukurasa ukaendelea kuzunguka.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku zile nilipigiwa simu na watu waliokuwa wameshafuta draiva (programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi ya Wi-Fi) na kubadilisha neno la siri la ruta. Mmoja alikuwa ameshafuta Windows nzima na kuiweka upya, na picha za mwanawe zikaenda nayo, maana hakuwa na nakala popote. Laptopu yake haikuwa na kosa lolote. Bado inaniuma. Kwa hiyo ninachokuomba kabla ya yote ni hiki: usiguse mpangilio wowote mpaka ujue ni safari ipi inayokatika. Kulijua hilo ni kazi ya robo saa.

Hatua ya 1: Linganisha na simu, pale pale ulipokaa

Chukua simu, iunganishe na Wi-Fi ile ile, kisha zima data ya laini. Hilo la kuzima data watu wengi hulisahau, na simu nyingi huhamia kwenye data kimyakimya Wi-Fi inapolegea, ukadhani simu iko sawa na laptopu ndiyo mbovu. Usisogee kwenda sebuleni. Kaa kwenye kiti kile kile, fungua video, tazama dakika tano.

Simu nayo ikikwama, mashaka yanahama kwenye laptopu na kwenda kwenye ruta, mahali ulipo, au kampuni ya intaneti. Simu ikitiririka vizuri huku laptopu ikikwama, tatizo karibu hakika liko kwenye laptopu. Fanya hatua ya 2 hata hivyo, kwa sababu inakupa ushahidi.

Hatua ya 2: Pima safari zote mbili kwa wakati mmoja

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

`ipconfig`

Tafuta sehemu ya Wi-Fi, kisha mstari ulioandikwa "Default Gateway". Namba iliyo mbele yake ni anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na MiFi nyingi (zile ruta ndogo za mkononi zinazotumia laini ya simu) hutumia 192.168.8.1. Mstari wa "IPv4 Address" ukianza na 169.254, simama hapo kwanza: laptopu imeomba anwani kwa ruta na haikujibiwa. Tenganisha Wi-Fi, zima ruta nusu dakika, washa, unganisha upya.

Anwani ya ruta ukiipata, fungua madirisha mawili ya `cmd` na uyapange kando kwa kando. La kwanza:

`ping -t 192.168.1.1`

La pili:

`ping -t 8.8.8.8`

La kwanza linaiita ruta yako kila sekunde, la pili linaita seva ya Google iliyo nje kabisa. Kwenye Mac na Linux andika `ping` na anwani tu, bila `-t`. Yaache yaendelee huku ukifanya kazi zako kama kawaida, na subiri mtandao ukate. Ukikata, usifanye chochote. Soma tu.

Ruta iliyo karibu, mawimbi yakiwa mazuri, hujibu hivi:

`Reply from 192.168.1.1: bytes=32 time=2ms TTL=64`

Namba ya kutazama ni ile ya `time`, yaani milisekunde ambazo jibu limechukua kurudi. Ikiwa 2ms, 3ms, 2ms mfululizo, safari ya hewani ni nzima. Ikianza kuruka 4ms, 310ms, 870ms, kisha `Request timed out`, hewani kuna shida, na hakuna kampuni ya intaneti itakayokutatulia.

Dirisha la ruta likibaki tulivu na la 8.8.8.8 likakata, laptopu yako iache kabisa. Nenda hatua ya 3. Yote mawili yakikata pamoja, nenda hatua ya 4. Yote mawili yakiwa tulivu lakini tovuti hazifunguki, tatizo liko kwenye DNS, yaani huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Hilo liko hatua ya 6. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl+C, na chini utaona pakiti (vipande vya data) ngapi zimetumwa na ngapi zimepotea.

Hatua ya 3: Safari ya nje ndiyo inayokata

Kama unatumia ruta ya laini au MiFi, anza na bando. Baadhi ya vifurushi havikati MB zikiisha. Hupunguza kasi hadi kiwango cha kutuma ujumbe tu, nawe ukadhani Wi-Fi imeharibika. Kisha ishike MiFi mkononi. Ikiwa ya moto, itoe kwenye chaja na iache ipoe, tena usiiweke juu ya friji wala dirishani penye jua la saa nane. Isogeze upande wa nyumba unaotazama mnara: tofauti ya chumba kimoja inaweza kuwa kubwa. Hesabu pia vifaa vilivyoungwa, maana MiFi nyingi zimewekewa kikomo cha vifaa kama 10.

Kama ni faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako: mara nyingi waya umekatika au umekunjwa mno. Angalia kama kuna kabati au mguu wa meza uliokalia ule waya mwembamba, kisha piga simu kwa kampuni. Ukipiga, usiseme "mtandao uko chini". Sema: "Ruta inajibu kwa milisekunde 2, lakini 8.8.8.8 inakata kila baada ya dakika kumi tangu saa tatu asubuhi." Tuma na picha ya madirisha yale mawili. Mhudumu hataweza tena kukurudisha kwenye "zima uwashe".

Kuna hali moja inayowadanganya wengi. Dirisha la 8.8.8.8 halikati, ila namba inapanda kutoka 40ms hadi 900ms kisha inashuka. Hapo kuna kitu nyumbani kinachopakia mzigo: simu inapandisha picha mawinguni, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inatuma mafaili, au Windows inavuta masasisho. Fungua Task Manager, nenda "Performance", kisha "Open Resource Monitor", kisha "Network", uone programu gani inakula. Kwa anayelipia kwa bando, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe "Metered connection". Windows itaacha kuvuta sehemu kubwa ya masasisho bila kukuuliza.

Hatua ya 4: Safari ya hewani ndiyo inayokata

Kwanza pima nguvu ya mawimbi pale unapokaa. Andika:

`netsh wlan show interfaces`

Kwenye Windows 11 mpya unaweza kuambiwa ruhusa ya mahali inahitajika; washa "Location" kwenye "Privacy & security" na urudie. Soma mistari miwili: "Signal" na "Channel". Asilimia 100 za Windows ni sawa na -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), na asilimia 50 ni -75 dBm. Kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyodhoofu. Kwa mkutano wa video natafuta asilimia 65 au zaidi. Chini ya 50 usitegemee utulivu, hata kama vistari bado vinaonekana viwili. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya Wi-Fi, uione namba ya RSSI, yaani hiyo nguvu ya mawimbi kwa dBm, moja kwa moja.

Beba laptopu, tembea nayo. Kaa karibu na ruta, rudia amri. Simama mlangoni, rudia. Rudi chumbani, rudia. Mara nyingi utaukuta ukuta wenye kosa kwa macho yako. Nyumba zetu za tofali za saruji, zege lenye nondo na mageti ya chuma huyanywa mawimbi kuliko nyumba za mbao zinazochorwa kwenye boksi la ruta. Tangi la maji ni ukuta pia, maana maji hufyonza mawimbi ya Wi-Fi. Vivyo hivyo friji, kioo kikubwa chenye rangi ya fedha nyuma, na televisheni ambayo watu hupenda kuificha ruta nyuma yake. Itoe ruta hapo. Iweke juu, katikati ya nyumba, wazi, kwenye rafu na si sakafuni. Nimeona ruta ikitolewa ndani ya kabati la vyombo na asilimia zikatoka 41 hadi 78 bila kununua chochote.

Sasa masafa. Ruta nyingi zina mawili: 2.4 GHz na 5 GHz. Lile la 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini limejaa watu. La 5 ni jepesi na lina nafasi, ila kuta mbili zinalichosha. Kama ruta imeyapa yote mawili jina moja, laptopu inaweza kurukaruka kati yake, na kila ruko ni kukatika kwa sekunde kadhaa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uyape majina tofauti, kisha chagua mwenyewe: chumba kimoja na ruta, 5, mbali, 2.4.

Wanaokaa kwenye maghorofa, hapa ndipo penye ugomvi. Andika:

`netsh wlan show networks mode=bssid`

Utaona mitandao ya majirani wote na chaneli zake, yaani njia ndogo ndani ya masafa. Kwenye 2.4, chaneli moja na inayofuata zimeachana kwa MHz 5 tu, ilhali ruta ikitangaza hutumia upana wa MHz 20. Kwa hiyo chaneli 1, 6 na 11 tu ndizo zisizokanyagana. Mtu akiona 1 na 6 zimejaa hukimbilia 3, akidhani amepata upenyo; kumbe amekaa katikati ya kelele mbili. Ruta zilizo kwenye chaneli ile ile husikilizana na kupeana zamu. Aliye kwenye 3 hasikilizani vizuri na yeyote. Chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye majirani wachache au walio mbali, na upana wa 2.4 uuweke 20 MHz, si 40.

Kwenye 5 GHz chagua chaneli kuanzia 36 hadi 48. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na sheria inaitaka ruta ikisikia rada ihame mara moja. Anayeishi jirani na uwanja wa ndege au rada ya hali ya hewa anaweza kuona Wi-Fi inapotea ghafla na kurudi baada ya dakika nzima, bila sababu anayoiona.

Usisahau vilivyo mezani. Maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, Wi-Fi ikikata saa za chakula tu, umeshampata mkosaji. Kingine hakifahamiki sana: diski ya nje ya USB 3 na waya wake hutoa kelele ndani ya masafa ya 2.4. Binti mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu yake aliniletea laptopu iliyokata mtandao "kila ninapofanya kazi". Alikuwa na diski ya nje upande wa kushoto, imegusana na laptopu. Nikaichomoa, ping ikatulia; nikairudisha, ikaanza kuruka. Tulibadilisha tundu tu, tukahamia upande wa kulia kwa waya mrefu kidogo, na akamaliza sura zake.

Hatua ya 5: Simu ziko sawa, laptopu peke yake inakata

Hapa badilisha kitu kimoja, pima kwa ping, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano pamoja, hutajua kilichokuponya, na tatizo likirudi utaanza upya.

Anza na kubana umeme. Dalili yake: ukiwa kwenye chaja mambo ni mazuri, ukichomoa yanakata, au Wi-Fi hupotea kila laptopu ikitoka usingizini. Bofya kitufe cha Windows kwa kulia, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters", bofya mara mbili kadi ya Wi-Fi, nenda "Power Management" na uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Baadhi ya laptopu hazina ukurasa huo. Basi tafuta "Edit power plan", ingia mipangilio ya ndani, na kama kuna "Wireless Adapter Settings", iweke "Maximum Performance" kwa chaja na kwa betri. Kwenye Ubuntu, fungua faili `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha 3 iwe 2, kisha washa upya.

Kisha draiva. Kama shida ilianza baada ya sasisho, hapo hapo kwenye sifa za kadi kuna "Driver", halafu "Roll Back Driver". Kama haibofyeki, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kufuata modeli kamili iliyo kwenye stika ya chini. Ipakue kwa simu au kompyuta nyingine kabla hujafuta ya zamani. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Nimesafisha laptopu nyingi mno zilizoingia uchafu kwa mlango huo.

Kwa wanaotumia Wi-Fi za mtaani za vocha, angalia "Random hardware addresses" kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Ikiwa imewashwa, laptopu inaweza kujitambulisha kwa anwani mpya, na vocha uliyolipia jana haikutambui tena. Izime kwa mtandao huo tu.

VPN na antivirusi zizime kwa muda wa kupima, kisha uziwashe tena. "Network reset" iwe mwisho, maana inafuta mitandao yote iliyohifadhiwa pamoja na mipangilio ya VPN.

Ukikwama, fungua `cmd` kwa "Run as administrator" na uandike `netsh wlan show wlanreport`. Windows itakutengenezea ripoti ya siku tatu, na itakuandikia mahali ilipoihifadhi. Ifungue kwenye kivinjari, uone kila saa Wi-Fi ilipokatika na sababu iliyoandikwa.

Sasa antena, na hapa naomba uniwie radhi nikienda taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapotupa laptopu nzima. Antena za laptopu nyingi ziko kwenye mfuniko, juu au pembeni mwa skrini. Nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, zinashuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi ya Wi-Fi. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na vinabana kwa kubonyezwa tu. Fundi akibadilisha skrini au kibodi, kimoja kikifyatuka asikione, laptopu bado itaona mtandao, lakini ukiwa mita mbili tu kutoka kwenye ruta. Bawaba ikivunjika, hubana waya na kuukata ndani kwa ndani.

Kuna njia ya kulijua hilo bila bisibisi. Rudia `netsh wlan show interfaces` huku ukifungua na kufunga mfuniko polepole. Asilimia zikipanda na kushuka sana kwa mwendo wa mfuniko, waya ndio mgonjwa. Ukiamua kufungua, zima kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri, gusa chuma kwanza. Weka kichwa cha waya wima juu ya tundu lake, bonyeza kwa kucha au kipande cha plastiki hadi usikie "tik" ndogo. Kikikataa, usilazimishe. Kiinue, kipange upya. Koleo lisikaribie hapo.

Hatua ya 6: Ping tulivu, tovuti hazifunguki

Andika `ping google.com`. Ukijibiwa kwamba jina halikupatikana huku 8.8.8.8 inajibu, andika `ipconfig /flushdns`. Kama haitoshi, nenda mipangilio ya Wi-Fi, "DNS server assignment", "Manual", uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8.

Tazama saa na tarehe pia. Laptopu ya mtumba yenye betri ndogo ya ubao iliyokufa huamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita, na tovuti zote salama huikataa kwa onyo la cheti. Rekebisha saa, na umwambie fundi abadilishe betri hiyo. Nyingi ni CR2032.

Kadi ikiwa imekufa kweli

Umepima karibu na ruta, draiva ni sahihi, nyaya zimebana, na kadi bado inapotea kwenye "Device Manager" na kurudi. Basi imechoka. Kwa leo, waya wa LAN hadi kwenye ruta utakuvusha. Kwa bei ndogo kuna kidude cha Wi-Fi cha USB. Nunua cha masafa mawili, maana cha 2.4 peke yake kitakurudisha kwenye ugomvi wa majirani. Kwa dawa ya kudumu, laptopu nyingi za miaka ya karibuni hutumia kadi ya M.2 ya ukubwa wa 2230 inayotolewa kwa skrubu moja. Chungulia kwanza, kwani nyembamba nyingine kadi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haitoki, na baadhi ya laptopu za zamani hukataa kadi ambayo BIOS (programu ya ubao inayoiamsha laptopu) haiitambui. Ukishaifunga mpya, rudi kwenye kiti kile kile, fungua madirisha yale mawili ya ping, na uyaache robo saa kabla hujamlipa fundi.